Etheldreda binti Anna: Safari ya Jina Moja

Holborn

Nyuma ya Holborn Circus, katikati ya London, kuna mtaa mfupi usio na njia ya kutokea, uliofungwa kwa geti la chuma na kibanda cha mlinzi. Unaitwa Ely Place. Upande wake wa kushoto, kati ya nyumba za matofali ambazo sasa ni ofisi, limebanwa kanisa la mawe lililojengwa mwishoni mwa karne ya 13. Hapo zamani lilikuwa kanisa dogo la maaskofu wa Ely walipokuwa na makazi yao mjini. Tangu miaka ya 1870 limo tena mikononi mwa Wakatoliki. Jina lake ni St Etheldreda, na Waingereza wengi wa leo wakikutana na jina hilo husita kidogo kabla ya kulitamka.

Jina hilo ndilo lililonileta. Kwetu Muheza, watoto wa misheni niliosoma nao waliitwa Hilda, Mildred, Edith, Edwin, Alfred. Sisi wengine, akina Mwanaisha na Mwinyihaji, tuliyaita majina ya kizungu, basi. Hapana aliyetuambia kwamba hayo yote ni ya ukoo mmoja, ukoo wa Waanglosaksoni waliotawala Uingereza kabla ya mwaka 1066, na kwamba kila jina lilikuwa na maana iliyo wazi kwa yeyote aliyelisikia likiitwa. Hilda ni vita. Mildred ni upole na nguvu. Edwin ni rafiki wa mali, mali yenyewe ikiwa na maana ya baraka na neema. Edith ni mali hiyohiyo na vita. Alfred ni shauri la ælf, viumbe wasioonekana ambao sisi tungewaita majini.

Walivyoyatunga majina yao panafaa tusimame kidogo. Walikuwa na akiba ya maneno: uungwana, mali, vita, ngome, mbwamwitu, mkuki, amani, jiwe. Mtoto akizaliwa, huchukuliwa maneno mawili yakaungwa. Si lazima yatoe sentensi. Ilitosha kwamba kila nusu ina uzito wake. Na mara nyingi nusu moja ilitoka kwa wazazi au ikawa ya ndugu wote, ili anayesikia ajue hawa ni wa mlango mmoja. Mfalme Æthelwulf, kwa mfano, aliwaita wanawe Æthelstan, Æthelbald, Æthelberht na Æthelred, kisha akaja kitindamimba, Alfred, ambaye historia imemkumbuka kuliko kaka zake wote.

Msomaji wa pwani ataliona jambo hili bila kuelezwa sana. Na sisi tuna nusu ya heshima inayotangulia: Mwana kwa wanawake, Mwinyi kwa wanaume. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima. Unguja ilitawaliwa na Mwinyi Mkuu, na wa mwisho wao, Ahmed, alifariki mwaka 1873. Kadiri miaka ilivyopita, vipande viwili vikashikana: Mwana Aisha akawa Mwanaisha, Mwinyi Haji akawa Mwinyihaji, hata mtoto wa leo anayeitwa hivyo hajui kwamba ndani ya jina lake kuna cheo. Tofauti ni kwamba sisi humrithisha mjukuu jina zima la bibi yake, naye bibi akamwita somo. Waanglosaksoni walirithisha vipande, na kwa mtoto mpya wakatunga jina jipya.

Sasa Etheldreda. Kwa lugha yake mwenyewe alikuwa Æthelthryth: æthel, uungwana, na thryth, nguvu. Ninasema uungwana kwa makusudi, wala sisemi cheo. Muungwana wa pwani ni mtu huru mwenye asili, tena ni mtu wa adabu na mwenendo mwema. Æthel nayo ilibeba ubora wa damu na ubora wa mtu. Kama angezaliwa Pate, nadhani tungemwita Mwana Nguvu.

Hili la nguvu halikunitoka akilini nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la kanisa. Wanawake wa kwetu huitwa Subira, Rehema, Salama, Tabu, Faraja. Dada wa Æthelthryth waliitwa Seaxburh na Æthelburh, na burh ni ngome. Binti ya Seaxburh aliitwa Eormenhild, na hild ni vita. Ukoo mzima wa wanawake wenye majina ya silaha na kuta. Wapo watakaosema ni mtindo tu wa kuunga maneno. Mimi naona wazazi hao walijua wanamtuma binti kwenye dunia ya namna gani: ataozwa kwa mfalme wa mbali, atashika ardhi, ataongoza nyumba ya watu mia, na siku moja huenda akalazimika kumkataa mume mwenye jeshi. Kwa huyu wetu yote hayo yalitokea.

Ukitoka Ely Place na kuzunguka kona unaingia Hatton Garden, mtaa wa masonara na wauza almasi. Ardhi hiyo ilikuwa bustani ya maaskofu wa Ely, hadi Malkia Elizabeth wa Kwanza alipotaka kipenzi chake, Christopher Hatton, apewe sehemu yake. Leo madirisha yamejaa mikufu, na katika baadhi yake nimeiona tanzanaiti, jiwe letu la Mirerani, likiwaka kwa rangi ya buluu inayoelekea zambarau. Niliandika daftarini: mkufu. Maana mkufu, kama nitakavyoeleza nikifika Ely, ndio ulioliua jina hili nyumbani kwake.

Hatfield

Treni za polepole kutoka King's Cross husimama Hatfield. Kanisa la mji mkongwe nalo ni la Etheldreda, kwa sababu mji huu ulikuwa mali ya Ely. Nilishuka kwa ajili ya kaburi moja tu. Hapa amezikwa Lord Salisbury, aliyefariki mwaka 1903. Mwaka 1890 alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza na Waziri wa Mambo ya Nje kwa pamoja, na serikali yake ndiyo iliyokubaliana na Ujerumani tarehe 1 Julai: Wajerumani wakapata kisiwa cha Heligoland, Waingereza wakapata njia nyeupe ya kuifanya Unguja na Pemba himaya yao, na ukanda wa Mrima, na Tanga yetu ndani yake, ukaenda kwa Wajerumani.

Mtu wa Mrima hawezi kupita kaburi hilo kama apitavyo makaburi mengine. Nililiangalia kwa muda. Lakini katika hesabu ya majina, mkataba ule haukukata kila kitu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wamekwisha kujenga Magila, karibu na Muheza, kabla ya saini hizo, nao wakabaki chini ya bendera ya Wajerumani wakibatiza kwa kalenda yao ya Kiingereza. Ndiyo sababu kina Hilda na Edwin wapo Muheza hadi leo. Askofu wao mkubwa, aliyejenga kanisa la Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, na aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili, alikuwa Edward Steere. Edward ni jina la mlango uleule: mlinzi wa mali.

Njiani kwenda Ely

Baada ya Cambridge nchi inalala chini. Hakuna kilima, hakuna bonde, ni udongo mweusi hadi upeo wa macho na mifereji iliyonyooka. Jambo linalomshangaza mgeni ni kwamba mito iko juu kuliko mashamba. Nchi hii yote ilikuwa kinamasi. Katika karne ya 17 mhandisi wa Kiholanzi, Cornelius Vermuyden, aliletwa kuikausha. Udongo wa mboji ulipokauka ukanywea na kushuka, mito ikabaki juu ndani ya kuta zake, na tangu hapo maji lazima yapandishwe kwa nguvu, kwanza kwa vinu vya upepo, kisha kwa mvuke, leo kwa pampu za dizeli na umeme.

Kabla ya hapo Ely ilikuwa kisiwa kamili, na aliyetaka kufika alihitaji mtumbwi na mwenyeji anayejua njia. Bede, mtawa aliyemaliza historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anasema mahali hapa pamepewa jina kwa wingi wa samaki aina ya mkunga wanaovuliwa majini humo. Kitabu cha kodi cha mwaka 1086 kinaonyesha watu wa vinamasi hivi wakilipa kodi kwa mikunga, kwa maelfu. Kwa sisi wa pwani mkunga ni wa miambani, mwenye meno, na wengi hawamtaki. Huku wa mtoni alikuwa ndiye fedha.

Kwa kuwa treni haikuwa na mengi ya kuonyesha, nilijaribu kulitamka jina kwa sauti ya chini kama lilivyokuwa. Na hapa Kiswahili kilinisaidia. Katika Æthel ile th ya katikati ni dh, kama ya dhahabu. Katika thryth zote mbili ni th, kama ya thamani. Edhel-thrith. Mtu aliyezoea kusema dhamana, thawabu na thelathini halimshindi. Liliwashinda Wanormani. Walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walikuja na Kifaransa ambacho dh na th zilikuwa zinatoweka vinywani. Wakaidondosha dh, l ikayeyuka ikawa u, na mwisho wa jina ukabaki mkia mwembamba. Mnamo karne ya 13 mshairi wa kike aliyejiita Marie aliandika kwa Kifaransa maisha ya mtakatifu huyu, naye humo anaitwa Audree. Makasisi walioandika Kilatini wakabaki na Etheldreda. Kwa hiyo jina moja likawa na nyumba mbili: Etheldreda madhabahuni, Audrey sokoni.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Mtu wa bara ambaye lugha yake haina dh husema zahabu, husema samani kwa thamani, na akishazaa watoto, kwao zahabu ndiyo sahihi. Majina nayo hupita njia hiyo.

Wanormani hawakubadilisha matamshi tu. Ndani ya vizazi vichache baada ya 1066, Waingereza wenyewe waliacha majina ya baba zao na kuwaita watoto William, Robert, Richard, John. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Mtu alitaka mwanawe asikike kama mtoto wa mwenye ngome, si kama mtoto wa mlima shamba. Majina ya kale yaliyopona ni yale yaliyokuwa na mtakatifu au mfalme wa kuyashika mkono. Edward lilipona kwa kuwa Mfalme Henry wa Tatu alimpenda mno Mtakatifu Edward, mfalme wa kale, akamwita mwanawe jina hilo mwaka 1239. Bila kitendo hicho kimoja cha ibada, sidhani kama tungekuwa na Edward Sokoine.

Ely

Kanisa kuu la Ely linaonekana kutoka mbali sana, limesimama peke yake juu ya mwinuko, na wenyeji huliita Merikebu ya Vinamasi. Jengo hili lilianzwa mwaka 1083, lakini mahali penyewe ni pa Æthelthryth. Alianzisha monasteri hapa mwaka 673, ya wanaume na wanawake pamoja, yeye akiwa mama mkuu.

Kisa chake, kwa ufupi wa Bede. Alikuwa binti ya Anna, mfalme wa Anglia Mashariki. Usishangae, Anna hapa ni jina la mwanamume. Bede anamtaja kama pwani ingemtaja, kwa baba yake, na mimi katika daftari nimemwandika Etheldreda binti Anna. Aliozwa kwa Tondberht, mkuu wa watu wa vinamasi hivi, ambaye hakuishi muda mrefu baada ya harusi. Kisha akaozwa tena, safari hii kwa Ecgfrith, aliyekuja kuwa mfalme wa Northumbria. Alikaa naye miaka kumi na miwili na akakataa kulala naye, kwa kuwa alikuwa ameweka nadhiri. Ecgfrith alimwahidi Askofu Wilfrid ardhi na fedha nyingi kama angemshawishi malkia abadili nia. Wilfrid hakumshawishi. Mwishowe mfalme alimwachia aende, akavaa shela ya utawa huko Coldingham kwa shangazi wa mfalme, na baada ya mwaka mmoja akarudi nchi ya kwao akajenga Ely.

Ndani ya kanisa, chini ya mnara wa pembe nane, kuna vichwa vya nguzo vilivyochongwa visa vya maisha yake. Mnara wenyewe una habari yake: mwaka 1322 mnara wa kwanza uliporomoka usiku, na mtawa Alan wa Walsingham, badala ya kurudisha wa mraba, akasimamia ujenzi wa huu wa pembe nane, wenye taa ya mbao na vioo juu kabisa. Ukiinua uso unaona mwanga unashuka kama umemwagwa. Nimeingia majengo mengi ya ibada, misikiti ya Kilwa na ya Lamu na makanisa ya Bagamoyo na Mkunazini, na katika yote ni dari hili lililonifanya nikae chini bila kupenda.

Kaburi lake halipo. Mwaka 1541 Askofu Goodrich aliamuru masanamu na makaburi ya watakatifu yavunjwe, na katika kanisa dogo la Bikira Maria, pembeni, utaona mamia ya sanamu ndogo zisizo na vichwa. Pale lilipokuwa kaburi pamebaki bamba la jiwe jeusi sakafuni lenye jina lake, na mishumaa. Bibi mmoja wa makamo, mmoja wa wanaojitolea kuwaongoza wageni, aliniona nimeinama pale akanijia.

"Unamjua?" akaniuliza.

"Namjua kwa jina, mama. Nimekuja kumjua zaidi."

Akaniuliza langu. Nikamwambia, na maana yake, na nani alinipa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama yake alikuwa Audrey, na kwamba alikuwa mtu mzima alipoambiwa kuwa Audrey na huyu aliyelala hapa ni jina moja. Mama yake alifariki bila kujua.

Nimeiandika kauli hiyo kama alivyoisema. Jina linaweza kumkaa mtu miaka themanini naye asijue amebeba nini.

Turudi kwenye mkufu. Æthelthryth alifariki mwaka 679 katika ugonjwa wa tauni, akiwa na jipu kubwa chini ya taya. Tabibu Cynefrith alilipasua, naye akapata nafuu siku mbili tu. Bede anasimulia kwamba mama huyu aliyapokea maumivu hayo kwa furaha, akisema shingo yake inalipa uzito wa mikufu ya dhahabu na lulu aliyoivaa katika ujana. Mtu asimdharau kwa neno hilo. Alikuwa ameacha kitani akavaa sufu tupu, na maji ya moto aliyaoga kabla ya sikukuu kubwa tu, baada ya kuwaosha wenzake wote kwanza. Malkia, anaosha watu. Baada ya miaka kumi na sita dada yake Seaxburh, aliyerithi uongozi, aliamua kumhamishia kanisani. Ndugu wa monasteri walikwenda kwa mashua kutafuta jiwe la kaburi, wakapata sanduku la marumaru nyeupe karibu na kuta za mji wa Kirumi uliokuwa gofu, ambao leo ni Cambridge. Walipofungua kaburi la zamani wakamkuta hajaharibika, na Cynefrith mwenyewe akashuhudia kwamba jeraha alilolipasua lilikuwa limefunga, limebaki kovu jembamba.

Kwa ajili ya kisa hicho watu wakaanza kuja Ely kuomba uponyaji wa koo na shingo. Na palipo na mahujaji pana biashara. Katika gulio la sikukuu ya kuhamishwa kwake, mwezi wa Oktoba, ziliuzwa tepe za hariri za kuvaa shingoni, mahujaji wakizinunua kwa baraka na kumbukumbu. Ziliitwa lesi za Mtakatifu Audrey, St Audrey's lace. Ulimi wa haraka ukaimeza sehemu ya mwanzo, ikabaki t peke yake iking'ang'ania jina: tawdry lace. Mwanzoni halikuwa tusi. Shakespeare analitaja katika mchezo wake kama zawadi anayoahidiwa msichana. Lakini kadiri hariri ilivyokuwa duni na rangi zikazidi kupiga kelele, tawdry likawa neno la kila kitu cha bei rahisi kinachojipamba kupita thamani yake. Ndiyo maana yake katika kamusi za Kiingereza mpaka leo.

Naliona hili kuwa dhuluma. Mwanamke aliyeuvua mkufu na kuulaumu hadi kufa amegeuzwa kuwa neno la mapambo ya hovyo. Na Audrey nalo likashuka. Katika mchezo mwingine wa Shakespeare, Audrey ni msichana mchunga mbuzi asiyejua ushairi ni nini. Kwa karne kadhaa jina hilo halikuwa la mtu wa kujivunia. Lilikuja kunyanyuka katika karne ya 20, na aliyelivalisha heshima mbele ya dunia ni Audrey Hepburn, mwigizaji aliyezaliwa Brussels mwaka 1929, ambaye mwaka 1992, miezi michache kabla ya kifo chake, alikwenda Somalia kwa niaba ya UNICEF katika njaa ile kuu. Etheldreda lenyewe halikunyanyuka hivyo. Katika karne ya 19 makasisi na familia chache za Kianglikana walilifufua, lakini wengi walichukua kipande cha mbele tu, Ethel. Leo nchini Uingereza ni jina la makanisa kuliko la watoto.

Kampala

Ukurasa huu wa daftari ni wa Uganda, kwa sababu huko ndiko jina linakoishi.

Chuo Kikuu cha Makerere kimepata kuwa na sura zote mbili za jina hili. Mwaka 1950 mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyesoma Newnham, Cambridge, mwendo mfupi wa treni kutoka Ely, alikuja kuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, akaiongoza hadi mwaka 1956. Kabla ya hapo alikuwa amekaa kwa Wabemba wa Zambia ya leo, akaandika juu ya chakula na kazi zao na juu ya chisungu, unyago wa wasichana wao, kwa undani ambao wanafunzi bado wanaurudia. Na katika chuo kikuu hichohicho, kwenye chuo chake cha afya, yupo Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu, daktari wa magonjwa ya akili, ambaye amejulikana kwa tiba ya vikundi kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na kuelemewa na sonona: wahudumu wa afya wa kawaida wa vijijini hufundishwa, nao hukaa na wagonjwa wa jamii yao, wakazungumza, wakajifunza na kushikana. Kazi hiyo aliifanyia majaribio kaskazini ya Uganda, kwa watu waliotoka vitani.

Tazama jina lake: Etheldreda, kisha Nakimuli, la Kiganda. Wamisionari wa Mill Hill, Wakatoliki kutoka London, walifika Uganda mwaka 1895, na kalenda ya Waingereza ilikuwa na Etheldreda tarehe 23 Juni. Jina ambalo kwao limebaki kwenye vibao vya makanisa, hapa linaitwa wodini na darasani, linaandikwa kwenye majarida ya kitabibu, na hapana anayesita kulitamka. Uungwana na nguvu, karne kumi na tatu baadaye, kwa mwanamke anayewainua wagonjwa. Sioni mahali jina hilo lilipopata kukaa vizuri zaidi.

Na Audrey na Etheldreda wa Makerere, kwa desturi yetu, ni somo. Sijui kama kuna aliyewahi kuwataja hivyo. Basi mimi nawataja.

Kinachonitia wasiwasi ni upande wetu. Waingereza walipoyaacha majina ya kale hawakuona wanapoteza kitu, waliona wanaendelea. Nami naona Mwanamkuu, Mwinyikombo na Mwanahamisi wakibaki kwa wazee, na watoto wa Tanga na Mombasa wakipewa majina yaliyookotwa kwenye simu, ambayo baba hawezi kuyaeleza wala babu kuyatamka. Jina jipya si dhambi. Lakini la zamani likienda na mzee, linaenda na cheo kilichokuwa ndani yake, na kisa cha aliyelitoa, na sababu.

Tunamjua Etheldreda binti Anna kwa sababu moja. Bede alikuwa mtoto mdogo alipofariki mama huyu, na alipokuwa mtu mzima baadhi ya watu walikuwa wanakitilia shaka kisa cha nadhiri yake. Bede akamwendea Askofu Wilfrid, mzee aliyemfahamu malkia na mfalme wote wawili, akamuuliza uso kwa uso, akaandika jibu. Nenda basi kwa mzee wako kabla wiki hii haijaisha. Muulize jina lake lina maana gani, alipewa na nani, na la bibi yake lilikuwa lipi. Andika, na uweke tarehe.